Mkono wa Pili wa Sweta

"Hiyo sufu siioshi," Petrine alisema, bila hata kukitazama kiroba. "Kirudishe ulikokitoa."

Hilmar alikuwa amesimama mlangoni kwa shemeji yake, kiroba kimemwegemea mguuni, kofia mkononi. Maneno yake yote alikuwa ameyapanga njiani, na sasa yalikuwa yamemtoroka. Jikoni mlinukia kahawa, wala hakukaribishwa hata kikombe, jambo ambalo katika kisiwa cha Storholmen mtu hulipata akiwa mwizi au mhubiri wa dhehebu jingine.

"Ni ya yule kondoo wa kijivu," alisema. "Wa Ragna. Imebaki hii tu. Gunvor anaondoka Jumamosi ijayo, na sweta lake limebaki mkono mmoja."

"Najua limebaki mkono mmoja. Nilikuwa nimekaa na mdogo wangu alipoufuma ule wa kwanza."

"Basi ukiiosha na kuisokota, Gunvor atafuma mwenyewe. Anasema siku tatu zinamtosha."

"Kuchana nitachana. Kusokota nitasokota. Kuosha utaosha wewe." Petrine alifuta mikono kwenye aproni, akamkazia macho kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Mimi nilimwosha yeye, shemeji. Mimi na binti yako Gunvor, mwezi wa tatu, kwa maji tuliyoyachemshia kwenye jiko hili hili. Sufu ni yako."

Tangu mwezi wa tatu, alipofiwa na mkewe Ragna, Hilmar alikuwa ameambiwa mengi: pole, ni mapenzi ya Mungu, hakuteseka sana. Hili hakuna aliyekuwa amemwambia. Alingoja limuume. Halikuuma. Alikuwa kama mvuvi aliyekaa na mikono kwenye maji ya baridi mchana kutwa, anaiona damu kwenye kamba na kuuliza nani amejikata.

"Inaoshwaje?" aliuliza.

"Maji ya joto la kumwogeshea mtoto mchanga. Unaizamisha, unaiacha. Husugui, hukamui, hukorogi. Unamwaga, unatia maji mengine ya joto lile lile. Mara tatu, unaianika."

"Na mafuta yake?"

"Yatakayobaki yabaki, ndiyo yanayonisaidia kusokota. Usitake ing'ae kama sahani ya wageni. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Hujasikia. Wewe unasikia upepo tu." Petrine aligeukia jiko lake. "Na ufunge mlango, inzi wanaingia."

Kondoo mwenyewe hakuwepo tena. Alichinjwa kwa ajili ya matanga. Watu arobaini walikunywa supu yake na viazi, wakasema ni supu nzuri, na mwenye nyumba, Hilmar, alikuwa mbali Lofoten kwenye msimu wa kuvua chewa, safari ya siku moja na nusu kwa meli. Alifika nyumbani siku tatu baada ya mazishi. Dhoruba ilimzuia, alisema, na watu wakaitikia kwa kichwa, kwa sababu kisiwani dhoruba haihojiwi. Huko mtu haahidi lolote bila kumalizia na "hali ya hewa ikiruhusu". Harusi, daktari wa meno, kipaimara cha mtoto wa ndugu, vyote ni hali ya hewa ikiruhusu. Hata nyumba iliyo ng'ambo ya uwanja huendewa hali ya hewa ikiruhusu.

* * *

Dukani kwa Ludvik sabuni laini ya kijani ilikuwa ikichotwa kwa mwiko kutoka kwenye pipa na kupimwa.

"Nusu kilo," Hilmar alisema.

"Ya kusugulia sitaha?"

"Ya sitaha."

Ludvik alipima polepole. Kulikuwa na wanawake wawili wakingojea sukari, na Ludvik hakuwahi kuiacha hadhira ipite hivi hivi. "Boti yako si iko nchi kavu tangu mwezi wa tano? Utakuwa unasugua majani. Maana mimi nimesikia mengine. Nimesikia kisiwa kimepata dobi."

Wanawake walitazama chini. Habari ilikuwa imetoka kwa Petrine hadi dukani kabla hata Hilmar hajafika nyumbani kuweka kiroba.

"Ukimaliza yako, Hilmar, mama watoto wangu ana shuka mbili," Ludvik aliongeza. "Na soksi zangu. Ila hizo uje na roho ngumu."

Wote wakacheka. Hilmar naye alicheka kidogo, kwa adabu, akalipa krona moja na senti zake, akaikunja karatasi ya sabuni. Alikuwa amekuja na swali, na swali lile aliondoka nalo. Maji ya kumwogeshea mtoto mchanga yana joto kiasi gani? Alikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo alizaliwa mwezi wa pili, katikati ya msimu. Alimwona kwa mara ya kwanza akiwa na wiki kumi, ameshaogeshwa na kukaushwa na wengine mara nyingi tu. Mwanamume wa miaka hamsini na nane hawezi kusimama mbele ya Ludvik akauliza swali kama hilo.

* * *

Jumatatu Gunvor alitoka asubuhi kwenda miambani, kulikoanikwa samaki wa chumvi. Kibarua chake kilikuwa kinaisha Ijumaa. Jumatatu itakayofuata angeanza kazi kwenye kiwanda cha samaki mjini, na hakuwa ameficha kwamba siku alikuwa anazihesabu.

Hilmar aliwasha moto kwenye banda la boti, chini ya kile chungu cha chuma ambacho zamani Ragna alikitumia. Alijaza maji kwenye beseni la mbao, akatumbukiza kiwiko, maana aliwahi kuona wanawake wakifanya hivyo, ila alichotakiwa kukisikia kwenye kiwiko hakukijua. Maji hayakuwa ya moto, hayakuwa ya baridi. Akaizamisha sufu.

Harufu ya kondoo ikapanda. Maji yakawa ya kahawia, kisha meusi, samadi na vijiti vikaelea juu. Aliketi kwenye ndoo, akavuta kiko kimoja. Akainua sufu kwa mikono miwili kama alivyoambiwa, akamwaga, akatia maji mengine. Kiko cha pili. Mpaka hapo kazi yake ilikuwa safi kabisa, na laiti angeishia hapo.

Lakini aliishika sufu, akaona bado inanata. Mafuta yalimbaki vidoleni. Kulikuwa bado na vijiti, na ncha zilikuwa za njano. Kwa mawazo akamwona Gunvor akiishika hivyo hivyo na kukunja pua, asiseme kitu. Kutosema kitu ndiko kulikokuwa kusema kwake tangu mwezi wa tatu. Akamsikia Ludvik: hata kuosha kumemshinda.

Ndipo zikamjia akilini glavu za bahari.

Kila vuli Ragna alikuwa akimfumia jozi tatu, kubwa za kuchekesha, mtu angeweza kuvaa miguuni. Huko Lofoten zilimwagiwa maji yanayochemka, zikapakwa sabuni, zikakanyagwa, zikafungwa kamba na kutupwa baharini kwenye maji ya baridi, kisha moto tena, kisha baridi tena, mpaka zikajikaza na kuwa saizi ya mkono. Upepo haukuzipenya. Hata zikilowa zilipasha. Na mkanyagaji wa melini alikuwa Hilmar. Wavuvi wengine walimletea zao, nahodha mwenyewe alimletea zake. Si kwamba hakujua kitu kuhusu sufu. Alijua kitu kimoja, na alikijua sana.

Akachemsha maji. Akatia sabuni yote, nusu kilo nzima. Kule melini walikanyaga na mabuti, lakini mabuti yake yalikuwa na lami, kwa hiyo alivua viatu na soksi, akakunja suruali, akaingia. Mvuke ulimfunika usoni. Mtu mwingine angeruka na kupiga yowe. Yeye alisimama, akaangalia miguu yake ikigeuka rangi ya kaa aliyechemshwa, akaanza kukanyaga. Alihesabu mia mbili, kama melini. Akaitia sufu kwenye kikapu, akaenda nayo gatini, akaizamisha baharini, akarudi. Mia mbili nyingine. Bahari. Mara ya tatu maji yalitoka meupe, na akajikuta amesema kwa sauti, "Unaona, Ragna."

Aliinama kuchota sufu. Akashika pembe moja, na yote ikafuata.

Ilitoka kwenye maji kwa kipande kimoja, nzito, nene kama kidole gumba, kama zulia la mlangoni. Mikono yake ilielewa kabla yake, kwa kuwa ilikuwa imekishika kitu hicho miaka thelathini. Hata hivyo alijaribu. Alivuta kwa vidole, akachokoa kwa kucha, akachukua kisu cha samaki na kutafuta mahali pa kuanzia. Hapakuwepo. Uzi hautoki pale, hata Petrine awe na mikono minne.

Aliketi kwenye ndoo akangoja tena kuona kama itauma.

* * *

Gunvor alirudi saa kumi na moja, chumvi imemkauka hadi kwenye nyusi, vidole vimepasuka. Hilmar alikuwa amechemsha viazi na samaki, akaandaa meza ya watu wawili. Mabuti ya Gunvor ya kwendea kiwandani, mapya, ya mpira, yalikuwa ukutani karibu na mlango, na juu ya kiti cha Ragna lilikuwa sweta la kijivu lenye mkono mmoja.

"Sufu iko wapi? Imekauka?"

Hilmar alionyesha kwa kidevu. Gunvor alikichukua kile kitu juu ya benchi, akakigeuza, akakigonga mezani. Kikalia kama ubao.

"Hii ni nini?"

"Niliikanyaga."

"Uliikanyaga."

"Kama glavu za bahari. Ilikuwa inanata bado."

"Mama mkubwa alikuambia usisugue."

"Sikusugua," Hilmar alisema. "Nilikanyaga."

Gunvor alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, na baba yake angependa zaidi atukanwe. "Kitu kimoja, Baba. Alikuachia kitu kimoja tu cha kufanya. Wengine wote tulifanya vyetu."

"Ningekuwepo ningefanya. Unajua ile dhoruba..."

"Acha, Baba."

"Ilikuwa imefunga bahari yote ya..."

"Hakukuwa na dhoruba." Hakupaza sauti. Alikiweka kile kipande mezani, kati ya viazi na mkate mwembamba, akaketi. "Tulikuwa tunasikiliza hali ya hewa redioni. Asubuhi na jioni, Mama akiwa bado hai, ili tujue ukoje huko. Alipokufa sikuacha, nilikuwa nakungoja. Jumanne, Lofoten, upepo mwanana. Jumatano, upepo mwanana, macho yanaona mbali. Alhamisi vivyo hivyo. Ijumaa tukamzika, na betri zikaisha."

Chakula kilikuwa kinapoa. Hilmar alimtazama samaki wake.

"Na hukusema," alisema.

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Miezi mitano."

Angeweza kunyamaza. Alikuwa fundi wa kunyamaza, na Jumamosi haikuwa mbali. Lakini kile kitu kilikuwa pale mezani, na hakuna dhoruba ambayo angeweza kuisingizia.

"Telegramu ilifika Jumanne mchana," alisema. "Niliisoma, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Jumatano tulitoka. Samaki walikuwa wengi. Alhamisi tukatoka tena. Sikumwambia mtu, wala nahodha. Nilivuta kamba. Nikiwa navuta, ilikuwa kama bado haijatokea. Ijumaa karatasi ikaanguka, mtu akaiokota akaisoma, wakaniteremsha bandarini."

"Na meli ya abiria?"

"Ilipita Jumanne jioni. Ikapita Jumatano. Ningewahi mazishi. Bahari ilikuwa shwari, mwanangu. Shwari kabisa."

Gunvor alikuwa ameshika uma bila kula. "Mimi ndiye niliyemfunga kidevu," alisema. "Mama mkubwa alikuwa analia, mikono inamtetemeka, ikabidi mimi. Nikatumia skafu yangu ile ya kanisani. Nikasema moyoni, Baba anakuja, Baba atajua kama imekazwa sana."

Hapo ndipo mwanamume angepaswa kulia. Hilmar alijua hivyo, akajitahidi kwa kweli, akakunja uso. Macho yalibaki makavu.

"Hata kulia huwezi," Gunvor alisema.

"Siwezi. Nimejaribu."

Gunvor alimtazama kwa muda, kama anayetafuta uongo na kuukosa. Kisha akala viazi viwili, kwa sababu alikuwa amefanya kazi kwa saa kumi, akapanda chumbani kwake darini.

* * *

Petrine alikuja kesho yake kuchukua sufu ya kuchana, na machanuo yake mawili chini ya kwapa. Alionyeshwa benchi. Akainua kile kipande, akakirudisha.

"Ee Mungu wangu," alisema mwishowe. "Nilimwambia aoshe, kanifulia bati."

Petrine akachungulia chini. "Na miguu hiyo?"

Ilikuwa imevimba, malengelenge yamepasuka mengine. Asubuhi alikuwa amevaa soksi juu yake na kwenda kuteka maji.

"Maji yalikuwa ya moto," alisema.

"Hukusikia?"

"Sikusikia."

Petrine alijimiminia kahawa mwenyewe kutoka birika la Hilmar, akamimina na kikombe cha pili, akamsogezea. Wakanywa. Mkono wa kushoto wa Petrine ulikuwa unakipapasa kile kipande, unakikunja, unakiachia.

"Upepo haupiti hapa," alisema. "Wala maji hayapiti upesi." Kisha, akitazama dirishani: "Binti wa Ingvald alikuwa kiwanda hicho hicho anachokwenda Gunvor. Sakafu ya saruji, maji ya barafu yanatiririka chini kutwa. Alirudi hawezi kuvaa viatu."

Akachukua machanuo yake, akaenda zake.

Hilmar alimaliza kahawa. Alichukua buti moja la mpira ukutani, akaliweka juu ya boksi la katoni, akachora kulizunguka kwa kipande cha mkaa. Akapunguza kidogo upande wa ndani, kwa sababu Gunvor alikuwa na miguu myembamba ya mama yake. Hilo alilijua, na akashangaa kwamba alilijua. Kisu cha samaki kilichoshindwa Jumatatu kutafuta uzi sasa kilikata vizuri. Alipata jozi tatu za soli za ndani ya buti. Akazishona pembeni kwa uzi wa nyavu, mshono wa kurudi nyuma, kazi ambayo hakuhitaji kuulizia kwa mtu.

Hakumwambia Gunvor. Wiki ile walisema "kahawa ipo" na "mvua inakuja", na Alhamisi Gunvor alimwekea kopo la marhamu ya miguu karibu na sahani.

* * *

Jumamosi nusu ya kisiwa ilikuwa gatini, kama kila Jumamosi, wengine wakiwa na mizigo, wengine wakiwa na macho tu. Meli ilikuwa imeshafika. Ludvik alikuwa anapokea magunia yake ya unga. Petrine alimkumbatia Gunvor, akamtia mfukoni karatasi yenye jibini ya kahawia, akamwambia asimwamini mtu yeyote wa mjini anayetabasamu kabla ya saa sita mchana. Kisha akajitenga kidogo, akiwaacha wawili.

Gunvor alikuwa na sanduku moja, na mabuti yamefungwa kamba juu yake. Alikuwa amevaa koti, lililofungwa vifungo mpaka juu.

"Umetia kitu ndani ya mabuti," alisema.

"Soli."

"Nimeziona. Jozi tatu."

"Ikilowa moja unabadilisha."

"Nilizijaribu asubuhi. Zinabana."

"Zikanyage. Zitakaa."

"Wewe na kukanyaga," Gunvor alisema, na mdomo wake ulikuwa karibu kucheka, safari hii kicheko kingine.

Akanyoosha mkono kumuaga. Hilmar alipoushika, mkono wa koti ulirudi nyuma, akaona kifundo cha mkono kitupu. Akautazama ule mwingine, wa kushoto, ulioshika sanduku. Pale chini ya koti palichungulia sufu ya kijivu. Alikuwa amelivaa. Alikuwa anakwenda mjini na sweta la mkono mmoja ambalo hakuna mtu angeliona.

Filimbi ya meli ililia. Mtu akaanza kufungua kamba.

"Krismasi utakuja?" Gunvor aliuliza. "Nitakuwa na chumba. Kuna kiti cha kulala."

"Nitakuja, hali ya hewa iki..."

Pale gatini kila mtu alikuwa akiyasema maneno hayo hayo kwa mtu wake, yalikuwa yamejaa hewani, na hakuna aliyeyasikia isipokuwa hawa wawili. Gunvor hakuuachia mkono wake. Alingoja, kama alivyokuwa amengoja miezi mitano.

"Nitakuja," Hilmar alisema.

"Na ikiwa dhoruba?"

"Nitakuja."

"Haya," Gunvor alisema. "Nitasikiliza redio." Akapanda meli.

Hilmar alisimama mpaka meli ikazunguka mwamba wa mwisho na watu wakaanza kutawanyika. Alipogeuka kwenda nyumbani, alipiga hatua moja akasimama. Miguu. Ilikuwa inauma. Ilikuwa inawaka moto kuanzia kwenye nyayo mpaka magotini, maumivu ya siku tano yamekuja yote kwa pamoja, na hakuweza kupiga hatua ya pili akiwa na viatu. Aliketi juu ya gunia la unga la Ludvik, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akavua soksi zilizogandamana na ngozi. Kisha akatembea peku juu ya mbao za gati, viatu mkononi, akilia kwa sauti mbele za watu, akimwita Ragna kwa jina lake. Ludvik alimwona, akafungua mdomo wake wa mzaha, akaufunga, akavua kofia.